Ratiba Yangu ya Rangi Sita

Wiki ya kwanza ya muhula, wanafunzi wapya wanapofika na masanduku yao ya bati, mimi huwa mmoja wa walimu wanaoyakagua. Kazi yenyewe haina utamu. Unafungua, unatazama kama kuna simu iliyofichwa ndani ya soksi, unafunga, unaita anayefuata. Mwaka huu, hapa Lodwar, saa tano asubuhi na jua limeshaanza kuchoma mabati ya bwalo, nilifungua sanduku la msichana mmoja na harufu ikanipanda puani kabla sijaona kilichomo. Moshi wa kuni, mafuta ya mbuzi, ngozi. Sabuni mpya za mtoto wa watu zilikuwa zimeshindwa kabisa. Ukiishi katika boma letu, harufu hiyo huingia kwenye shuka, kwenye daftari, hata kwenye bahasha, na usidhani utaifua ikatoka.

Nilisimama pale nimeshika kifuniko mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeona nyoka. Sikuona nyoka. Niliona karatasi yenye rangi sita, imebandikwa ndani ya kifuniko cha dawati, na dada yangu Akiru akiitazama, kichwa amekiinamisha upande kama anavyofanya akichunguza mguu wa mbuzi anayechechemea.

Msichana wa sanduku lile nitawaambia ni nani. Kwanza niwaambie habari za karatasi.

Boma letu lilikuwa nje ya Kakuma, ng'ambo ya mto Tarach, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Tulikuwa wasichana wawili, na Akiru alinizidi miaka mitatu. Kwetu mzee akiwa na watoto huwagawa, huyu wa kalamu, huyu wa fimbo ya kuchungia, na hakuna anayeitisha mkutano kuuliza nani anataka nini. Mimi nilipewa kalamu. Akiru akapewa fimbo.

Jinsi nilivyoipata kalamu hiyo ni hadithi niliyojivunia kwa miaka mingi. Nilikuwa na miaka saba hivi, nikatumwa kuchunga wana-mbuzi karibu na nyumbani. Nikaketi kutazama mchwa wakibeba bawa la panzi, kazi kubwa kweli, wanalivuta, linawashinda, wanaitana. Nilipoinua kichwa sikuona mbuzi hata mmoja. Niliwakusanya kadiri nilivyoweza, nikarudi jioni kifua mbele. Baba alikuwa mlangoni pa zizi akiwatazama wakiingia. Watatu hawakuwapo, na mmoja aliyekuwapo alikuwa wa jirani. Baba alimtenga yule wa jirani, kisha akamwambia mama, "Huyu apelekwe shule." Nilifurahi mno. Nilijua baba ameziona akili zangu.

Shule ya msingi nilisoma Kakuma mjini, nikilala kwa nyanya siku za juma. Nilipoitwa sekondari huku Lodwar mambo yakawa mazito. Jumamosi na Jumapili ndizo nilizokuwa nikimsaidia Akiru kisimani, naye akapata kunyoosha mgongo. Sasa ningekaa miezi mitatu bila kuonekana. Jioni moja baba alituita.

"Muhula mmoja," alisema. "Nakai akirudi na karatasi nzuri, aendelee. Akirudi na karatasi mbaya, yeye atashika fimbo, na Akiru atapumzika."

Akiru alikuwa akikamua. Hakugeuka. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya chombo bila kukosa hata mara moja. Mimi nilikwenda kulala nikiwaza jambo moja tu, karatasi. Yale maneno ya mwisho ya baba sikuyashughulikia hata kidogo.

Shuleni kila kitu kilienda kwa kengele. Mwalimu wetu wa darasa, ambaye pia alitufundisha Hisabati, alikuwa Mwalimu Barasa, mtu wa Bungoma. Alituambia kwamba kwao kuna asubuhi za kuvaa sweta mbili, nasi tukamhurumia kama mtu anayeweweseka kwa homa. Yeye naye alituhurumia sisi, na mwaka mzima alitembea na leso shingoni ya kufutia jasho. Jumatatu ya kwanza alisimama mbele yetu akasema, "Huku hakuna mama wa kukuamsha. Hakuna dada wa kukusukuma. Mtapewa kazi na kila mwalimu, na kila mwalimu atadhani yuko peke yake. Tengenezeni ratiba zenu za prepu, kila mtu yake. Linalowezekana leo lisingoje kesho."

Prepu zilikuwa mbili, moja ya saa kumi jioni na nyingine baada ya chakula, saa za kujisomea na kumaliza kazi tulizopewa. Wale mliopita bwenini mnazijua. Hakuna mtu anayekufundisha, mko ninyi na vitabu na joto.

Nilimwelewa Mwalimu Barasa kupita kiasi. Niliazima kalamu sita za rangi kwa jirani yangu wa dawati, Furaha, msichana Mkongomani aliyekulia kambini Kakuma, nikaanza kuchora ratiba. Hisabati niliipa nyekundu kwa sababu iliniogopesha. Kiswahili kijani, Jiografia samawati, na kadhalika. Kila mstari kwa rula. Niliweka hata dakika saba za kufua soksi. Kazi hiyo ilinichukua prepu tatu nzima, na ilipokwisha niliibandika ndani ya kifuniko cha dawati kwa ugali wa jana uliopondwa na maji, gundi yetu siku hizo.

Furaha alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho. "Nakai, weye unachoraka tu," alisema. "Kazi yenyewe utaifanya siku gani?"

Nikamwambia asubiri aone. Akasubiri, akaona. Kengele ya saa kumi ililia nikiwa kwenye foleni ya maji, na nilipofika darasani dakika ishirini za rangi ya kijani zilikuwa zimeshapita. Mtu mwingine angeanzia hapo alipo. Mimi niliona ratiba imevunjika kama chungu, na chungu kilichovunjika hakitiwi maji. Basi nikachora nyingine. Kufikia katikati ya muhula nilikuwa nimechora nne, kila moja nzuri kuliko iliyotangulia.

Na hata pale nilipofika kwa wakati, nisikilizeni nilivyoutumia. Nilianza na Kiswahili, kwa sababu insha zilinitiririka. Halafu Jiografia. Tuliambiwa tuchore ramani ya ziwa letu, nami nikapaka maji wimbi kwa wimbi, nikaweka na mitumbwi upande wa Longech, mpaka likawa zuri kuliko ziwa lenyewe. Kisha Dini. Hisabati niliiweka mwisho kila siku, maana nilitaka niifikie nikiwa nimemaliza mengine yote na roho imetulia. Nilipoifikia, ama kengele ililia ama macho yalikuwa yamekwisha. Ajabu ni kwamba nilikuwa nikichoka kwelikweli. Nilikwenda kulala nikiwa na uchovu wa mtu aliyefanya kazi.

Asubuhi ndipo Furaha aliponiokoa. Baba yake alikuwa mwalimu kwao Kongo, naye alimfundisha namba tangu akiwa mdogo, hivyo Hisabati ilikuwa kwake kama kumenya ndizi. Alinisukumia daftari. "Chukua, kopia mbio mbio. Lakini mwalimu asiyue."

Nilikopi wiki tatu. Sikujua hata nilichokuwa nikiandika, mkono ulikwenda tu. Siku moja Mwalimu Barasa alirudisha madaftari yote isipokuwa mawili. Aliyafungua mezani, akayaweka bega kwa bega, akafuta shingo yake.

"Nakai, njoo hapa. Tangu lini umeanza kuzifunga saba mshipi?"

Sikuelewa. Akanionyesha. Furaha aliandika saba kama alivyofundishwa na baba yake, na kamstari kakikatiza tumboni. Hakuna mtoto mwingine darasani aliyeiandika hivyo. Na daftari langu sasa lilikuwa limejaa saba zenye mishipi. Mwalimu akafungua kurasa zangu za wiki ya kwanza. "Hapa saba zako zinatembea hivihivi. Hapa zote zimevaa. Mishipi hii umenunua soko gani?"

Darasa lilicheka mpaka mabati yakaitikia. Mimi mwenyewe nilicheka kidogo. Kisha Mwalimu Barasa akaacha kucheka. Alinionyesha alama zangu za mtihani wa kati ya muhula, ambao Furaha alikaa mbali nami: kumi na moja kwa mia. "Nataka mzazi wako," akasema.

Tulipotoka nje Furaha, ambaye naye aliambulia kufagia darasa wiki nzima, alinishika sikio. "Nilikuambiaka asiyue, weye unaleta saba zangu na mikanda yote!"

Ujumbe ulipigwa kwa simu ya mwenye duka mmoja Kakuma, yule aliyekuwa akiwafikishia watu habari zao. Kwa siku nne sikula vizuri. Nilijua baba hatangoja muhula uishe. Angekuja, angetazama ile kumi na moja, angenirudisha nyumbani siku hiyohiyo. Nilianza hata kuiona fimbo ilivyoegemea mlangoni.

Jumamosi mchana mlinzi wa lango alikuja mpaka bwenini kuniita. "Nakai, mgeni yako iko kwa geti. Ametoka Kakuma na lori ya mbuzi."

Alikuwa Akiru. Mweupe wa vumbi kutoka nywele mpaka kwenye akala, viatu vyake vya tairi, shuka begani, fimbo mkononi, na kopo la nyama kavu iliyotiwa mafuta.

"Ejoka?" akaniamkia.

"Ejok," nikaitika, na jambo la kwanza nililomuuliza lilikuwa, "Nani anachunga?"

"Baba."

Tukatazamana. Tukacheka mpaka akashika lango. Baba yetu ni mtu wa maana, mjuzi wa kesi za watu, lakini ukimpa mbuzi asubuhi usimuulize idadi yao jioni. Uzembe wangu niliurithi mahali.

Mwalimu Barasa alimpa kiti. Akiru alikuwa na Kiswahili cha kuazima sokoni, lakini alikitumia bila kuona haya. "Mimi nakuja kwa hii mtoto. Baba iko na mbuzi," alisema. Akamsikiliza mwalimu mpaka mwisho, habari za saba, habari za kumi na moja. Kisha akasimama. "Sawa. Nipatie mimi yeye mpaka jua ianguke."

Tuliingia darasani, hapakuwa na mtu. Tulizungumza Kiturkana, nami nawapa maneno yake kama ninavyoyakumbuka. Alitaka kuiona hiyo karatasi iliyonipotezea siku, maana mwalimu alikuwa amemtajia. Nikainua kifuniko cha dawati. Ndipo alipoinamisha kichwa.

"Hii kijani ni nini?"

"Kiswahili."

"Hii nyekundu?"

"Hisabati. Ile ya kumi na moja."

Alifuatisha mistari kwa kidole, siku hadi siku. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini rangi alizisoma haraka. "Mbona nyekundu iko mwisho kila siku?"

"Kwa sababu ndiyo ngumu."

Akiru alinitazama kama mtu aliyeona maziwa yakimwagwa. "Nakai," akasema, "kisimani tunamnywesha nani kwanza?"

Hilo nililijua, nani asiyelijua kwetu? Kisima chetu kilichimbwa katika mchanga wa Tarach, kirefu kuliko watu wawili. Akiru alikuwa akiingia ndani, anajaza karai, ananipokeza, mimi namimina kwenye hori. Madume yenye pembe husukuma yawe mbele. Ukiyaachia yatakunywa, yatachafua, yatamwaga. Kwa hiyo unayazuia kwa fimbo, unaanza na wanyonge: kilema, mwenye kunyonyesha, yule mwenye jicho moja. Mwanzoni maji ni safi na mikono ya aliye kisimani bado ina nguvu. Baadaye yanakuja matope, na mikono inatetemeka.

"Wanyonge," nikajibu.

"Basi huyu mwekundu ndiye kilema wako." Aliweka kidole juu ya rangi. "Na wewe unawanywesha madume mpaka washibe, halafu unamwita yeye aje kulamba matope. Dume akingoja hafi, Nakai. Kilema akingoja anakufa."

Akaendelea kutazama karatasi. "Na jioni unahesabu nini?"

"Saa. Nimekaa saa ngapi."

"Saa zinalala zizini?" akauliza. "Mimi siulizi nimetembea kiasi gani. Nauliza nani ameingia. Mmoja akiwa nje, siku haijaisha."

Alitoka nje, akarudi na kiganja kizima cha kokoto, akazimwaga dawatini. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, fimbo imelala juu ya magoti kama ya kuniziba njia. "Fanya moja. Nataka nione."

Nilifanya moja. Ilinichukua muda wa kutosha kuchinja na kuchuna. Nilipomaliza aliuliza, "Ameingia?" Nikasema sijui. "Mwite anayejua." Nikamwita Furaha, ambaye alikuwa akifagia nje polepole ili asikie kila kitu. Furaha akaona nimeacha alama ya kutoa, nikarekebisha. "Sasa ameingia," akasema. Nilipomtafsiria Akiru, akachukua kokoto moja, akaiweka upande wa pili wa dawati.

Hesabu ya tano ilikuwa ya maneno, nami nikamtafsiria. Mfugaji ana mbuzi mia na ishirini. Theluthi moja wamekufa kwa ukame. Robo ya waliobaki akawatoa mahari. Wamebaki wangapi?

"Sitini," alisema Akiru, kabla sijashika kalamu. Halafu akaongeza, "Lakini anayetoa mahari mwaka wa ukame ni mjinga. Angengoja mvua."

Mimi nilijaza nusu ukurasa ndipo nikafika sitini. Furaha alitazama ukurasa, akamtazama Akiru. "Dada yako anasoma kidato gani?" akaniuliza.

"Hasomi," nikasema.

Furaha alichukua ufagio, akaifagia tena pembe aliyokwisha kuifagia.

Jua lilipoanguka, upande wa pili wa dawati palikuwa na kokoto saba. "Saba, na hazina mkanda," alisema Furaha. Akiru alifunga shuka lake, akaenda kulala kwa binamu ya baba mjini, na kesho yake akapata lori la kumrudisha.

Nisiwadanganye kwamba niligeuka malaika. Nilibandua ratiba, nikaigeuza upande mweupe, nikaandika orodha fupi, kilema juu, madume chini. Wiki ya kwanza niliichukia Hisabati zaidi, kwa kuwa sasa nilikutana nayo akili ikiwa macho. Lakini nilianza nayo, kila siku, hata foleni ya maji iliponichelewesha. Sikuchora tena. Furaha hakunipa daftari lake la majibu, alikubali kuitwa tu nikishamaliza, aseme ameingia au yuko nje. Kokoto nilizihamisha kutoka kopo moja kwenda jingine. Siku nyingine zilihama mbili. Kiswahili kilingoja na hakikufa. Kuna jioni Mwalimu Barasa alipita, akasikia kokoto zikigonga kopo, akaniuliza nacheza nini, nikamwambia nafungia mbuzi. Alinitazama, akafuta shingo, akaendelea na safari yake. Nadhani aliweka hilo kwenye orodha ya mambo ya Turkana atakayowasimulia watu kwao.

Mwisho wa muhula nilipata arobaini na sita katika Hisabati, na darasani nilikuwa katikati, mahali ambapo hakuna anayekupigia makofi wala kukuzomea. Nilifika nyumbani asubuhi. Baba alipokea karatasi, akaishika juu chini, akakunja uso, akampa Akiru.

Akiru naye hakujua kusoma. "Nyekundu iko wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha mstari wa Hisabati.

"Ameingia?"

"Ameingia."

Akamgeukia baba. "Ni nzuri," akasema.

"Basi aendelee," akasema baba.

Akiru akanirudishia karatasi. Akaichukua fimbo pale ilipoegemea mlangoni, akaenda kuwafungulia mbuzi. Mimi nilikimbia kumwonyesha mama, kisha majirani, kisha mtu yeyote aliyekuwa na macho. Sikumtazama dada yangu alivyokuwa akienda.

Ilinichukua miaka kumtazama. Nilikuwa chuoni, mwaka wa pili, nimeketi maktaba, nimeanza na somo gumu kama ilivyokuwa desturi yangu tayari, na bila sababu yoyote nikasikia maneno ya baba yakinijia yote mpaka mwisho: na Akiru atapumzika. Niliweka kalamu chini. Yaani kama ningeshindwa, yeye angepumzika. Hakuhitaji kufanya lolote, angekaa tu kimya. Badala yake alipanda juu ya lori la mbuzi, akala vumbi siku nzima, akaja kunifundisha jinsi ya kumbakiza yeye pale pale. Na ile asubuhi mlangoni, karatasi ilikuwa mikononi mwake na baba hakujua kusoma. Neno moja lingetosha. Angesema "ni mbaya," nani angembishia? Mimi nilikuwa nikidhani nimejifunza kupanga muda wangu. Muda ule ulikuwa wa Akiru, niliupanga tu. Nililia pale maktaba, na wenzangu wakadhani ni mtihani.

Sasa niwaambie habari za sanduku. Msichana yule anaitwa Asinyen, mtoto wa tatu wa Akiru, na ameingia sekondari mwaka huu. Jina lake lilikuwa kwenye orodha na nilimngojea, lakini sikutegemea harufu ifike kabla yake. Akiru mwenyewe alikuwa nje, langoni, ameketi kwenye kivuli cha ukuta, akala miguuni. Siku hizi barabara ni ya lami, alikuja na gari la abiria, na alilalamika kwamba limefungwa madirisha kama kaburi.

"Ejoka?"

"Ejok."

Niliketi kando yake, sketi yangu ya ualimu na vumbi lote. "Nani anachunga?" nikauliza.

"Kaka yake. Anapoteza." Alicheka. "Atajifunza."

Nikamuuliza kwa nini amemleta Asinyen, mkono wake wa kulia, na kuwaacha wengine nyumbani. Nilijua watoto wake. Huyu ndiye aliyejua kila mbuzi kwa sauti.

"Nakai," alisema, "wewe baba alikupeleka shule kwa sababu ulipoteza mbuzi. Hukujua?"

"Nimejua ukubwani."

"Huyu sijamwona akipoteza hata mmoja. Ndiyo maana nimemleta."

Alisema hivyo bila uchungu, kama anavyosema habari za mvua. Nikamwambia yote, hapohapo langoni, mlinzi akisikiliza: kwamba nilijua alichokifanya, kwamba nilichelewa kujua, kwamba naona haya na nashukuru. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyomsikiliza Mwalimu Barasa. Kisha akatazama upande wa bwenini, ambako Asinyen alikuwa akiburuta sanduku lake.

"Sawa," akasema. "Shule ikifungwa, njoo ushike fimbo. Siku kumi. Mimi nataka kupumzika."

Asinyen alianza prepu wiki hiyohiyo. Siku ya pili alinijia na karatasi safi na kalamu za rangi alizoazima, akaniuliza ratiba nzuri inachorwaje. Nilimuuliza kilema wake ni nani. Alinielewa papo hapo. Akaenda kuzirudisha zile rangi kwa mwenyewe.

Sasa muhula unakwisha, shule inafungwa Ijumaa. Nimetazama ratiba yangu ya likizo, ina kusahihisha mitihani, ina semina, ina harusi ya mwalimu mwenzangu. Nimeigeuza upande wa pili na juu kabisa nimeandika fimbo. Nitapoteza wangapi sijui, lakini mengine yote yatangoja.